Aqua kula mafuta Mwanza: kabla hujanunua betri angalia mguu wako

Mkuu, umesema Toyota Aqua yako, ile haibridi yenye injini ya petroli na mota ya umeme, unatoka nayo Buhongwa kwenda mjini kila siku, inakupa km 15 kwa lita wakati dalali alikuapia 30, sasa fundi anakwambia betri kubwa, ile inayolisha mota, imekufa ulete hela. Subiri kwanza. Na mimi naendesha Aqua hapahapa Mwanza, nakaa Isamilo kule juu kwenye mawe, mjini nacheza kwenye 19 mpaka 21, njia ya Musoma nisipokuwa na haraka inagusa 23. Hiyo 30 sahau. Toyota walipoitoa kule Japani mwisho wa 2011 walitangaza km 35.4 kwa kipimo chao cha JC08, ila kile kipimo gari linazungushwa juu ya roli ndani ya jengo, AC imezimwa, hamna mlima wala bodaboda wa kukukatiza pale Mabatini.

Kitu ambacho wengi hawakielewi ni kwamba hii gari haichajiwi na Tanesco. Umeme wote uliomo kwenye ile betri umeununua sheli. Kwahiyo wale wanaotambaa na spidi 20 ili ile taa ya EV, ya kutembea kwa umeme mtupu, isizime, daladala zinawapigia honi nyuma, wanajidanganya tu, maana betri ikishuka injini itawaka yenyewe kuijaza na hapo katikati kuna umeme unapotea bure. Ondoka kama mtu mwenye safari, kanyaga wastani mpaka 50, injini ikishachanganya achia mguu kabisa, halafu rudisha kidogo sana, utaona injini imezima na gari inaenda. Hapo ndipo utamu ulipo.

Utamu mwingine uko kwenye breki. Ukikanyaga taratibu na mapema, mota inageuka kuwa jenereta, kile kipimo kwenye dashibodi kinalala upande wa CHG, yaani chaji, na mafuta uliyoyachoma kupandisha spidi unarudishiwa kiasi. Ukikanyaga ghafla, sehemu kubwa inaishia kwenye pedi kama joto. Sasa angalia barabara yako wewe, toka Nyegezi mpaka Mkuyuni kuna vituo vya daladala, vivuko na foleni, na madereva wetu wanakimbilia kwenye mkia wa gari la mbele ndio washike breki. Wewe ukiona taa nyekundu kule mbele, achia mafuta mapema, acha wakupite, mtakutana palepale kwenye foleni.

Halafu kuna ugonjwa wa kushuka mlima frii. Tafadhali sana!! Kwenye haibridi ukiweka N betri haichaji hata kidogo, unashuka mlima mzima unatoka kapa, na breki zote unaziunguza. Shuka na D. Mimi nikishuka Isamilo asubuhi vile vibao vya betri vinapanda mpaka juu, kisha ghafla injini inanguruma kwa sauti kubwa wakati mguu haupo kwenye mafuta, abiria mgeni lazima aniangalie. Hakuna kilichoharibika. Betri ya Aqua ni ndogo, haifiki hata uniti moja ya umeme, ikijaa gari inazungusha injini bila kuipa mafuta ili ikusaidie kushika breki. Ile gia ya B nayo ni ya mteremko mrefu kweli, usitembelee B mjini ukidhani unachaji zaidi.

AC yake inaendeshwa na umeme, ndo maana inapooza hata injini ikiwa imezima, lakini haipoozi bure. Wale tuliokaa foleni ya kivuko pale Kigongo kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025 tunajua, umepaki, umetulia, kila baada ya muda injini inawaka yenyewe kurudisha chaji. Na safari fupifupi nazo zinakula. Ikiwaka baridi injini lazima ipashe moto kwanza hata kama betri imejaa, kwahiyo ukienda Kirumba kununua samaki, ukarudi, ukatoka tena baada ya masaa kumpeleka mtoto tuisheni, kila mara unalipia kule kupasha. Unganisha safari.

Sasa betri. Kabla hujaamini imekufa, angalia pembeni ya siti ya nyuma, kuna kitundu chenye vijiupenyo, pale ndo feni ya betri inavuta hewa. Watu wanaegesha mizigo hapo, mabegi, viroba vya dagaa. Mwambie fundi afungue hiyo feni mbele yako. Gari nyingi za huku utakuta imefunga vumbi na manyoya ya siti mpaka haipumui, betri inapata joto, gari inaipunguzia kazi, injini inafanya kila kitu peke yake. Kusafisha ni brashi na nusu saa.

Mengine haraka haraka: oili ni 0W-20, siyo ile nzito ya Hiace. Upepo wa tairi fuata kibandiko cha mlango wa dereva, siyo macho ya kijana wa kujaza.

Ukishafanya hayo jaza fulu tenki mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita, tembea mpaka taa ya mafuta ikaribie kuwaka, rudi sheli ileile ujaze tena na ugawanye kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Ile namba ya kwenye dashibodi inapendelea sana gari. Ukikuta bado 15 na feni ni safi, hapo sasa ndo tuongelee betri, ila usitoe hela mpaka mtu aichomeke mashine ya kupima akuonyeshe voti za kila bloku, yaani kila kifungu cha seli ndani ya betri. Akikataa kukuonyesha, ondoka na gari lako.