Cheti cha mtandaoni na kutibu mifugo

Mdogo wangu, umeuliza kama cheti cha mtandaoni cha utunzaji wa wanyama kitakuruhusu kutibu ng'ombe wa watu hapa Tanzania. Hakitoshi. Wataalamu wanatambuliwa na Baraza la Veterinari, chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, nalo huandikisha wenye shahada, stashahada na astashahada, kila mmoja na mipaka yake ya kazi. Kabla ya kulipa ada, kidai chuo namba ya usajili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, kisha uihakiki mwenyewe huko NACTVET. Nembo zinazong'aa kwenye tangazo si ithibati. Mimi ningeomba LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, kwenye kampasi ya Tengeru au Mpwapwa. Hicho cha mtandaoni kitakufaa kama unafuga mbwa wako nyumbani, basi.