Usingoje Kichefuchefu Kikufikie

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kwa nini umeze vidonge vya kuzuia kutapika hata saa ambazo huna kichefuchefu, na kama si heri uvitunze hadi hali ichafuke. Nakujibu kama mama, na pia kama muuguzi aliyezeekea kwenye wodi ya saratani: vimeze, kwa saa ulizoandikiwa.

Kutapika huku hakuanzii tumboni tu. Dripu ya dawa za saratani ikishaingia mwilini, chembe fulani za utumbo humwaga kemikali iitwayo serotonini, nayo hushtua neva inayopanda hadi kwenye ubongo. Ubongo ndio unaoamuru kutapika. Ondansetroni, mojawapo ya vidonge vyako vya kuzuia kutapika, huiziba njia hiyo mapema. Ukichelewa, huenda ukakitapika hata kidonge chenyewe. Tena zipo dawa za saratani, sisiplatini ikiwa mojawapo, ambazo kichefuchefu chake hurudi siku ya pili au ya tatu, mtu ameshadhani amevuka salama. Ndiyo sababu umeandikiwa deksamethasoni, nayo dawa ya kuzuia kutapika, ya siku kadhaa. Hiyo imeze asubuhi ukiwa umekula, maana ikimezwa jioni hukimbiza usingizi. Ondansetroni nayo hufunga choo. Usione haya kulisema hilo. Dawa ya kulainisha ipo.

Ninachokihofia zaidi ni kwamba mwili hujifunza. Nimewauguza watu waliotapika vibaya mara ya kwanza, na baadaye wakawa wanatapika wakisikia tu harufu ya wodi, hata sindano hawajachomwa. Likishafika hapo, vidonge vya kawaida havifui dafu. Basi ukitapika licha ya dawa, usivumilie kimya kimya ukidhani ndivyo saratani inavyotibiwa. Mweleze daktari kabla ya mzunguko wa dripu unaofuata. Anaweza kuongeza dawa nyingine ya kuzuia kutapika: aprepitanti, au olanzapini, ambayo huleta usingizi lakini husaidia sana.

Kula kidogo kidogo, chakula kilichopoa, kwa kuwa cha moto hutoa harufu kali. Kile chakula ukipendacho kuliko vyote kiache siku ya dripu, usije ukakichukia moja kwa moja.

Ukishindwa kubakiza hata maji siku nzima, ukitapika damu, mkojo ukawa haba na wa rangi nzito, au homa ikafika nyuzi 38, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali, mimi unipigie ukiwa njiani.

Mama yako