Tathmini ya hatari bila programu ghali: anzieni kwenye tangi

Ndugu, umeuliza kama kiwanda chenu chenye tangi la amonia (gesi yenye sumu) kinaweza kutathmini hatari bila hesabu nzito. Kinaweza, ila msianze na jedwali la kupanga hatari kwa rangi nyekundu, njano na kijani. Watu hubishania rangi kabla hawajajua nini kinaweza kuharibika.

Simameni penye bomba lenyewe, pamoja na fundi na mwendeshaji wa zamu ya usiku, mkiulizana: itakuwaje valvu hii ikikwama wazi? Mpira wa kupakulia ukichomoka je? Andikeni chanzo, madhara na kinga iliyopo, yaani kifaa au utaratibu wa kuzuia madhara hayo.

Kisha pimeni kinga moja moja, na hapa nawasihi msiharakishe. Tuseme mpira hupasuka mara moja kwa miaka 10, na kinga hushindwa mara 1 kati ya 10 inapohitajika: uvujaji usiozuiwa unakuwa mara moja kwa miaka 100. Mkiwa na kinga ya pili kama hiyo, miaka 1,000. Lakini hesabu hii inasimama tu kama kinga hazitegemeani. Kengele na valvu ya kufunga zikitumia kihisi kimoja, msizihesabu kama mbili. Na kinga mbovu msiihesabu kabisa. Kule Bhopal, India, gesi ya sumu ya kiwanda ilipovuja na kuua maelfu ya watu mwaka 1984, mtambo wa kupoza tangi ulikuwa umezimwa, na mnara wa kuchomea gesi haukuwa ukifanya kazi.

Tukio lolote linaloweza kuua watu nje ya uzio, hilo mpelekeeni mtaalamu alipigie hesabu kamili.