Weka hiyo hela mfukoni, shida si RAM

Mkuu, usiende Kariakoo kesho. Kaa chini kwanza.

Umeandika mengi: laptopu ya Dell Latitude 5490 ya mtumba, prosesa i5 kizazi cha nane, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) GB 8, Excel inasuasua, Chrome ikifika tabo sita unaenda kunywa chai na kurudi. Fundi kakwambia RAM ifike 16. Unauliza uongeze kijiti cha 8 au ununue kimoja cha 16, kampuni ipi ni nzuri, na kama Windows 11 itakubali. Halafu katikati ukapitisha kasentensi kamoja kama vile si kitu: "betri nayo haipandi, imeganda asilimia 4 tangu ninunue chaja nyingine, fundi anasema nayo imekufa."

Hapo ndipo niliposimama kusoma. Mengine yote nimeyapitia juujuu, unisamehe.

Nani alikuuzia hiyo chaja? Ina nembo gani? Ukiwasha mashine asubuhi, kuna maandishi meupe kwenye skrini nyeusi yanayosema "AC power adapter type cannot be determined" na kukutaka ubonyeze F1? Au yalikuwepo, fundi akayaondoa?

Nauliza kwa sababu mimi yangu yaliondolewa. Nilikuwa na Latitude 5480, i5-7300U, mashine ya kazi haswa, si pambo. Chaja yake ilikatika shingoni, nikachukua nyingine mtaani, kichwa kikaingia vizuri, taa ikawaka, nikaondoka najiona mjanja kwa bei niliyolipa. Kuanzia hapo mashine ikawa nzito. Kubonyeza herufi kwenye Word na kuiona inatokea, unahesabu moja, mbili. Nikaipeleka kwa fundi wangu, mtu niliyemwamini kiasi cha kumpelekea ndugu na jamaa zangu wote.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuniondolea ule ujumbe wa asubuhi. Akaingia BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, akatafuta sehemu ya "Adapter Warnings", akatoa alama ya vema. "Haya bosi, haitakusumbua tena." Na kweli haikunisumbua! Yaani mashine inapiga kelele kwamba inaumwa, mtu anaiziba mdomo, halafu ananidai hela ya ufundi. Nami nikamshukuru.

Uzito ukabaki palepale. Akasema RAM ni ndogo. Nikanunua GB 8 nyingine, zikawa 16. Nikarudi nyumbani, nikafungua lile faili langu la Excel, likafunguka kwa uvivu uleule. Akasema basi ni diski, ingawa ndani tayari kulikuwa na SSD, ile diski ya kasi. Akaitoa, akaweka "yenye kasi zaidi", akapiga Windows upya. Siku ya kwanza nikajidanganya kwamba imebadilika. Ukishalipa, macho nayo yanakuwa upande wa fundi. Betri ikawa haipandi, akasema imekufa, nikanunua betri. Betri mpya nayo haikupanda. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza swali. Mimi nikauliza kama ina waranti.

Mwisho akanipa hukumu: "Prosesa imechoka, bosi. Hizi mashine za mtumba ndivyo zilivyo." Prosesa imechoka! Imelima wapi? Nikaamini, nikamuuzia jamaa wa ofisini kwa bei ya kutupa, ikiwa na RAM mpya, SSD mpya na betri mpya ndani yake. Jamaa akaichomeka kwenye chaja ya Latitude aliyokuwa nayo mezani. Baada ya siku chache akaja kuniuliza kwa upole, na hadi leo akiniona anauliza: "Hivi ile mashine uliiuza kwa nini?" Inapaa. Anaendeshea hesabu za ofisi nzima. Wenzangu wananiita mfadhili, nami nimezoea.

Sasa nikueleze kilichotokea, ili fundi wako asikuletee hadithi.

Chukua chaja yako uangalie kichwa chake cha mviringo. Katikati kuna kipini chembamba. Kile si cha kupitisha umeme wa kuendeshea mashine. Ni cha habari: kupitia hapo chaja inajitambulisha kwa mashine, mimi ni ya wati 65, au 90. Mashine ikishapata jibu inajua inaweza kuvuta umeme kiasi gani. Isipopata jibu, inajihami. Inakataa kuchaji betri, na inaibana prosesa itembee kwa mwendo wa chini kabisa ili isije ikavuta umeme usiokuwepo. Hiyo siyo hitilafu ya laptopu, ndivyo ilivyotengenezwa, na ule ujumbe wa asubuhi unakwambia wazi kwamba betri huenda isichaji na kwamba kasi itapunguzwa. Imeandikwa pale, kwa Kiingereza cha darasa la saba, nami nilikuwa nabonyeza F1 kila siku bila kusoma.

Kipini kikipinda, au waya wake mwembamba ukikatika ndani ya shingo ya chaja, au ukinunua chaja ya kuiga isiyo na kile kichipu cha kujitambulisha, taa itawaka, mashine itawaka, na utateseka. Tundu la kwenye mashine likilegea, matokeo ni yaleyale. Kwa hiyo betri "iliyokufa" na mashine "inayohitaji RAM" vinaweza kuwa ugonjwa mmoja unaolipiwa mara mbili. Mimi nililipia mara nne ukihesabu na Windows.

Kabla hujatoa hata shilingi, zima mashine, washa, bonyeza F2 mpaka uingie BIOS. Kwenye General kuna Battery Information. Pale panaonyesha hali ya betri na aina ya chaja iliyochomekwa. Ikitaja wati zake, vizuri. Ikisema haiitambui, hapo umeshapata jibu na hujatumia hata nauli.

Kisha rudi kwenye Windows, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager, nenda Performance, halafu CPU, yaani prosesa. Usiangalie asilimia, angalia mwendo, pale palipoandikwa Speed. Fungua ile Excel inayokusumbua huku unatazama. Prosesa yako, kama ni i5-8250U, mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 1.6, na ikipewa kazi inapanda kupita 3. Yangu ilikuwa imekwama 0.78. Nifungue faili, nifunge faili, 0.78. Namba haitikisiki, kama saa ya ukutani iliyoisha betri.

Na hapa kuna mtego ulioniponza mimi na fundi wote. Task Manager ya Windows 10 inapiga asilimia ya CPU kwa kulinganisha na mwendo wa kawaida wa prosesa. Yangu mwendo wa kawaida ni gigahezi 2.6. Ikibanwa mpaka 0.78, hata ikifanya kazi mpaka inatoka jasho, Task Manager inaonyesha asilimia 30 hivi na haivuki hapo. Fundi akaangalia, akasema kwa kujiamini, "CPU iko asilimia 29 tu, haina shida, ni RAM hiyo." Asilimia 29! Na RAM yenyewe ilikuwa imetumika nusu. Nusu! Namba ilikuwa mbele ya macho yetu sote wawili, akaniuzia nyingine.

Kama mwendo umekwama chini, azima chaja ya Dell ya uhakika kwa mtu, hata ya dakika kumi, ya wati zinazotakiwa na yenye kichwa kinacholingana. Chomeka, angalia tena ile namba. Ikiruka juu na betri ikaanza kupanda, umemaliza. Nunua chaja halisi, hata ikiwa ni ya mtumba, na uijaribu palepale dukani kwenye mashine yako mwenyewe, F2, Battery Information, muuzaji akiwa anakuangalia. Asikwambie "zote ni zilezile". Hazifanani. Kama chaja ya uhakika nayo haitambuliki, basi ni tundu la kwenye mashine, na hiyo ni kazi ya fundi, ila si yule wako.

Kuna watu humu watakuja kukwambia upakue programu ya kulazimisha prosesa iachane na kile kizuizi. Ipo, na inafanya kazi. Lakini unakuwa unailazimisha mashine ivute umeme kutoka kwenye chaja ambayo haijulikani ina uwezo gani, ya elfu ishirini, imewekwa juu ya godoro. Mimi hapana.

Kanuni yangu ni hii na sina nyingine: huongezi kitu ambacho hujakiona kimejaa. Fungua kila unachotumia kazini kwa wakati mmoja, Excel, Chrome na tabo zake zote, WhatsApp, halafu nenda Performance, Memory. Kama iko asilimia 90 na diski inahangaika muda wote, haya, hapo RAM ndiyo inayolia. Kama iko 55, hata uweke GB 64 hutaona tofauti, utakuwa umenunua kabati kubwa la nguo mbili. Tena siku hizi RAM si ya kununua kwa kubahatisha. Tangu mwishoni mwa 2025 bei zimepanda vibaya, kwa kuwa viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za akili unde, na sisi wa mtumba tunaipata hiyo joto huku chini.

Kuhusu swali lako lenyewe: ukikuta kweli imejaa, palepale kwenye Memory pana "Slots used". Ikisema 1 of 2, ongeza kijiti cha 8 cha aina ya DDR4 cha laptopu, ufanye jozi, usiing'oe iliyopo kuweka ya 16. Vijiti viwili vinavyolingana vinafanya kazi sambamba, na mashine isiyo na kadi yake ya picha inafaidika. Ikisema 2 of 2, una nne-nne, hapo zote mbili zinatoka. Hakikisha betri ya ndani imechomolewa kabla mtu hajaingiza vidole. Na usikubali kuuziwa DDR3, aina ya zamani, haitaingia, mkato wake uko mahali pengine, ingawa nimeshaona mtu akitaka kuilazimisha kwa kidole gumba.

Nenda F2 sasa hivi, piga picha, iweke hapa, na namba ya Speed ukiwa umechomeka chaja. Na kama umeshamwachia fundi kitangulizi, kadai leo jioni, kabla hajakinunulia betri.