Akaunti zimedukuliwa: tuikague kompyuta ya nyumbani

Swali: Barua pepe na Facebook yangu zilidukuliwa usiku mmoja. Nilizirudisha na kubadilisha nywila, lakini baada ya siku mbili zimechukuliwa tena. Nimekosea wapi?

Jibu: Ikiwa nywila mpya uliziandika kwenye kompyuta ileile, yumkini mwizi alizipata papo hapo. Zipo programu hasidi, kama vile RedLine na Lumma, ambazo kazi yake ni kukomba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi, yaani vile vijifaili vinavyoifahamisha tovuti kwamba ulikwisha kuingia. Aliyeshika kidakuzi chako anaweza kupita bila kuulizwa nywila wala ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Microsoft ilieleza kwamba kati ya 16 Machi na 16 Mei 2025 ilibaini kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows zilizoambukizwa Lumma.

Kwa hiyo itoe kompyuta kwenye intaneti, kisha tumia simu au kompyuta nyingine unayoiamini. Anza na barua pepe, kwa kuwa ndiko hutumwa viungo vya kubadilisha nywila za akaunti nyingine nyingi. Badilisha nywila, halafu viondoe kwenye akaunti vifaa vyote vilivyokwisha kuingia, maana bila hatua hiyo kidakuzi kilichoibwa kinaweza kuendelea kufanya kazi. Fungua pia mipangilio ya vichujio, yaani kanuni zinazopanga au kufuta barua zenyewe. Nimewahi kukuta kichujio kilichokuwa kikitupa kwenye takataka kila barua yenye neno "benki", na mwenye akaunti alikuwa akishangaa kwa nini benki yake imenyamaza.

Swali: Antivirusi inasema kompyuta yangu ni safi. Niiamini?

Jibu: Usiiamini peke yake, kwa sababu baadhi ya programu hizi huiba kisha hujifuta, na nyingine hujificha Windows inapokuwa kazini. Tumia Microsoft Defender Offline, iliyomo ndani ya Windows 10 na 11: huizima na kuiwasha kompyuta, ikaikagua kabla Windows haijaanza, kwa takriban dakika 15. Kisha kagua viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, kimoja kimoja, na uondoe kila usichokumbuka kukiweka.

Swali: Mwanangu alipakua mchezo wa bure ambao maelekezo yake yalimtaka azime antivirusi kwanza. Je, ndicho chanzo?

Jibu: Ningeanza kushuku hapo. Tafadhali usimgombeze, mwombe akuonyeshe faili lenyewe, kwa sababu mtoto mwenye hofu atalifuta, na tarehe ya kupakuliwa kwake ndiyo inayotuonyesha wizi ungeweza kuanza lini. Kama mchezo huo ulifunguliwa, mimi nisingehangaika kusafisha: ningenakili picha na nyaraka tu, nikaacha programu zote, kisha nikafuta diski na kuweka Windows upya kwa flashi ya angalau GB 8 iliyowekewa Windows ya kusakinisha kwenye kompyuta nyingine.

Swali: Je, yawezekana kompyuta haina kosa lolote?

Jibu: Yawezekana kabisa. Ikiwa imedukuliwa akaunti moja tu, na nywila yake uliitumia pia kwingine, huenda ilivuja kutoka tovuti nyingine; andika anwani yako ya barua pepe kwenye Have I Been Pwned, huduma iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, uone kama imo katika data zilizovuja. Zikidukuliwa tatu au nne kwa mkupuo, kila moja ikiwa na nywila yake, rudi kuishuku kompyuta.