Wasomaji Wauliza: Je, Mashine Inaweza Kuilinda Kura?

SWALI: Mhariri, mwezi Agosti 2022 nilikuwa karani wa uchaguzi katika kituo kimoja karibu na Voi. Tulimaliza kuhesabu usiku wa manane, taa ya betri ikiwa imeanza kufifia, na mawakala wakibishania karatasi moja ambayo alama yake ilikuwa imekaa baina ya majina mawili. Tangu siku hiyo najiuliza kwa nini tuendelee kuteseka na karatasi na wino ilhali mtu hutuma fedha kwa simu na senti haipotei. Kwa nini kura isipigwe kwa mashine, ihesabiwe na mashine, nasi tukaachana na mkono wa binadamu unaoiba? (Mwalimu, Voi)

JIBU: Mwalimu, nianze na huo mfano wako wa fedha za simu, kwa kuwa ndani yake ndimo lilimo jibu. Unapotuma shilingi mia tano, wewe hupata ujumbe, uliyemtumia hupata ujumbe, na kampuni hubaki na kumbukumbu ya nani alimtumia nani. Hitilafu ikitokea, pande tatu zina ushahidi wa kulinganisha. Kura haiwezi kulindwa hivyo, kwa sababu ni siri: hapana anayeruhusiwa kujua ulimchagua nani, na wewe mwenyewe hupewi risiti ya kutoka nayo nje, usije ukaenda kumwonyesha aliyekununua. Kwa hiyo mashine inayopokea kura na kuihesabu bila kuacha karatasi, ikikosea au ikikoseshwa, haimwachii mtu yeyote kitu cha kuishitakia.

Tukumbuke pia vifaa hivi viliingiaje Kenya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na machafuko yaliyoua watu zaidi ya 1,100, tume iliyoongozwa na Johann Kriegler, jaji kutoka Afrika Kusini, ilisema kwamba zoezi lilikuwa limeharibika kiasi kwamba haikuwezekana kumjua mshindi wa kweli, na kwamba masanduku yalijazwa kura bandia katika ngome za pande zote mbili. Yaani wizi ulifanyika pale ambapo wakala wa upande wa pili hakuthubutu kukaa. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa teknolojia: alama za vidole ili wafu wasipige kura, na mtambo wa kupeleka matokeo ili tarakimu zisibadilishwe njiani.

Mwaka 2013 dawa hiyo ilinywewa kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu, na ikamtapisha mgonjwa. Vifaa vya kutambua vidole vilizimika katika vituo vingi, vingine kwa sababu betri ziliisha chaji katika madarasa yasiyo na umeme, na makarani wakarudi kwenye daftari lililochapishwa. Mtambo wa matokeo nao ulionyesha idadi kubwa mno ya kura zilizoharibika. Baadaye tume ya uchaguzi ikaeleza kwamba programu ilikuwa inazizidisha mara nane. Kilichotuwezesha kulijua kosa hilo ni kwamba karatasi zenyewe zilikuwapo na ziliweza kuhesabiwa. Lingetokea ndani ya mashine isiyo na karatasi, tungekuwa tunabishana mpaka leo.

Kuhusu vidole, wewe ulikuwa kituoni na bila shaka umeyaona haya. Mama aliyeshika jembe tangu utotoni anaweka kidole, kifaa kinakataa. Anakifuta kwa pembe ya leso, kinakataa tena. Anajaribu kidole gumba, kinakataa. Mwishowe karani anatafuta namba ya kitambulisho na kujaza Fomu 32A mbele ya mawakala, na foleni nzima inaguna. Kifaa hakikumnyima haki yake kwa sababu ulikuwapo utaratibu wa pembeni. Hata hivyo, utaratibu huo wa pembeni ndio mlango anaoupenda mwizi, na ndiyo maana fomu hizo zinapaswa kuhesabiwa na kuwekwa wazi kituo kwa kituo. Teknolojia ya utambuzi naiunga mkono kwa moyo wote, kwani kumpigisha mtu kura mara mbili au kumfufua marehemu kumekuwa kugumu kuliko zamani.

Ugumu mkubwa umekuwa katika kupeleka matokeo, na hapo nitakaa kidogo.

Mwaka 2017 tarakimu zilianza kumiminika kwenye skrini mara tu baada ya vituo kufungwa, lakini tarakimu si fomu. Sheria ilitaka kila takwimu ifuatane na picha ya Fomu 34A, ambayo ni ile karatasi anayoijaza msimamizi wa kituo baada ya kuhesabu, mawakala wakaitia saini. Mshindi alipotangazwa, maelfu ya fomu hizo yalikuwa bado hayajaonekana. Upinzani ulipokwenda mahakamani, Mahakama ya Juu iliamuru wapewe nafasi ya kuzikagua seva, yaani kompyuta kuu zilizopokea na kuhifadhi matokeo. Tume haikutii amri hiyo ipasavyo, na mahakama ikachukulia ukaidi huo kuwa ushahidi dhidi yake. Tarehe 1 Septemba 2017, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, majaji wanne dhidi ya wawili walifuta uchaguzi wa rais. Mitaani kulikuwa na msemo, “fungua seva”, na wapinzani waliwaita waliotangazwa washindi “vifaranga vya kompyuta”, yaani viongozi walioanguliwa na mashine badala ya sanduku. Kejeli hiyo ilipata mashiko kwa sababu raia alionyeshwa namba na kunyimwa mahali zilikotoka. Wala tusisahau kwamba Chris Msando, meneja aliyesimamia teknolojia hiyo ya tume, aliuawa siku chache kabla ya kura. Wanaosema kwamba mashine huondoa mkono wa binadamu wangefaa kulitafakari jina hilo.

Mwaka 2022 tume ilifanya jambo dogo kwa sura na kubwa kwa matokeo: picha za Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ambayo mtu yeyote aliweza kuifungua. Kwa mara ya kwanza mwenye duka wa Lodwar aliweza kujumlisha mwenyewe, na vyombo vya habari vikafanya hivyo kwa siku kadhaa, kila kimoja kwa kasi yake, jambo ambalo lenyewe lilizua wasiwasi pale jumla zao zilipopishana kwa muda. William Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila Odinga, huku makamishna wanne kati ya saba wakiyakana matokeo hayo. Ilipodaiwa mahakamani kwamba fomu zilinaswa njiani zikabadilishwa kabla ya kufika kwenye tovuti, majaji hawakulazimika kumwamini mtaalamu wa huyu au wa yule. Zililetwa fomu halisi, zikalinganishwa na picha zilizo kwenye tovuti, na hazikuonekana tofauti za kuweza kubadili lolote. Ungeweza kuuchukia uamuzi huo, na wengi waliuchukia, lakini njia ya kuufikia ilieleweka hata kwa asiyejua kompyuta.

Sasa fikiria mashine unayoitaka wewe. Namibia ilikuwa nayo: mwaka 2014 ilitumia mashine za kielektroniki kutoka India katika uchaguzi wa kitaifa, bila karatasi ya kuthibitisha. Mwezi Februari 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kuzitumia bila karatasi kulikiuka katiba, na uchaguzi wa 2024 ukarudi kwenye karatasi. Ujerumani iliyafikia hayo mapema, mwaka 2009, mahakama ya katiba iliposema kwamba raia lazima aweze kuzikagua hatua muhimu za uchaguzi bila kuwa na utaalamu maalumu. India yenyewe, iliyozitengeneza mashine hizo, sasa imeziambatanisha na kichapishi: karatasi ndogo yenye alama ya chama huonekana nyuma ya kioo kwa sekunde saba, kisha hudondoka kwenye sanduku lililofungwa, na karatasi za mashine chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu huhesabiwa kwa mkono.

Kwa hiyo ushauri wangu, Mwalimu, ni kwamba mashine imtambue mpiga kura na iibebe picha ya fomu mbele ya macho ya watu, lakini kura yenyewe iachwe kwenye karatasi. Ile karatasi mliyobishania usiku wa manane, alama ikiwa baina ya majina mawili, mliibishania hadharani, mawakala wa pande zote wakiiona. Hiyo ni afya. Nyongeza moja ningeitaka: kabla ya matokeo kutangazwa, vituo kadhaa vichaguliwe kwa kurusha dadu mbele ya wagombea, na kura zake zihesabiwe upya kwa mkono. Jimbo la Colorado nchini Marekani limekuwa likifanya ukaguzi wa namna hiyo, dadu zikiwa ni za kweli, tangu 2017.

SWALI: Sisi Wakongomani tulipewa mashine mwaka 2018 na tena 2023, na zilichapisha karatasi kama unavyopenda kusema. Mbona bado tulilia? (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Ndugu yangu, swali lako linaniumiza, maana linagusa upungufu wa hoja yangu. Ni kweli kwamba mashine zile zilizonunuliwa Korea Kusini, ambazo wapinzani walizibatiza mashine za kuibia kura, zilikuwa hasa vichapishi: mpiga kura alitia karatasi, akagusa picha ya mgombea kwenye skrini, karatasi ikatoka imeandikwa, akaitumbukiza sandukuni, na kura zikahesabiwa kwa mkono. Kasoro ilikuwa mbele ya safari. Baraza la Maaskofu lilikuwa na waangalizi wapatao 40,000, na lilisema wazi mwezi Januari 2019 kwamba matokeo yaliyotangazwa, yaliyompa Félix Tshisekedi ushindi dhidi ya Martin Fayulu, hayakulingana na yale liliyokusanya. Tume haikutoa matokeo ya kituo kimoja kimoja ili watu walinganishe. Karatasi ilikuwapo, lakini safari kati ya sanduku na tangazo ilifanyika gizani.

Mwaka 2023 likaongezeka jingine: baada ya kura, tume yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 kwa makosa mbalimbali, likiwamo la kupatikana na mashine za kupigia kura kinyume cha sheria. Sanduku la mbao halina thamani nyumbani kwa mtu. Mashine inayochapisha kura halali inayo, na kwa sababu hiyo ulinzi wa ghala na hesabu ya kila kifaa ni sehemu ya uchaguzi sawa na kuhesabu kura.

Venezuela, mwezi Julai 2024, ilionyesha upande wa pili wa jambo hilihili. Mashine za huko huchapisha hati ya matokeo kila kituo kinapofungwa, na mawakala hupewa nakala. Tume ilimtangaza Nicolás Maduro mshindi bila kutoa mchanganuo wa vituo. Upinzani ukaweka mtandaoni hati za zaidi ya asilimia 80 ya mashine, zikionyesha kinyume chake. Maduro alibaki madarakani. Hati hazikumwondoa, ila zilimnyima uwezo wa kusema kwamba hakuna ajuaye.

SWALI: Je, raia wa kawaida anaruhusiwa kuipiga picha fomu iliyobandikwa mlangoni mwa kituo? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Ndiyo, nayo hubandikwa ili isomwe na umma. Simama mbele yake moja kwa moja, usiipige kwa mshazari, na uhakikishe kwamba jina na namba ya kituo, mhuri, saini za mawakala na jumla ya kura halali vinaonekana katika picha moja. Nenda usiku uleule au alfajiri, kwa sababu gundi ya fomu hizo ni dhaifu na mvua ya Agosti huko kwenu haina adabu. Ila usiipige picha karatasi yako ya kura ukiwa ndani ya kibanda. Hiyo ni siri yako kisheria, na anayekuomba umwonyeshe picha yake aghalabu ndiye anayetaka kuhakikisha kwamba amepata alichokilipia.