Jibu: Wathibiti ubora wa shule (wakaguzi) wamesema walimu wana vyeti ila ufundishaji umelegea, tuanzie wapi?

Mwalimu Mkuu, shikamoo. Anzeni na MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Moduli zake zipo Taasisi ya Elimu Tanzania. Hapa Moshi, shuleni kwetu, tunakaa kwa mafunzo hayo kila Jumatano baada ya vipindi, chai ya rangi mezani, mwalimu mmoja anatuletea mada iliyomshinda. Juzi ilikuwa sehemu katika hisabati, yaani nusu na robo, darasa la nne. Mwenzetu alikata chungwa, akaweka robo mbili kando ya nusu, na mimi wa miaka kumi na tisa kazini nikaona nilivyokuwa nawachanganya watoto.

Maandalio ya somo myakague, sawa, lakini nakusihi uingie darasani ukae dawati la nyuma. Huko ndiko kwenye shida. Na kila kikao kiandikwe daftarini, wathibiti wakirudi muwakabidhi daftari hilo.